Nakala Ipi Ndiyo Sahihi? Historia ya Kutunza Matoleo ya Maandishi, na Hitilafu Zake

Miaka kadhaa iliyopita, walimu wachache wa Kiswahili hapa Bujumbura tulikubaliana kutunga orodha ya maneno kwa ajili ya wanafunzi wetu. Orodha hiyo ilikuwa na safu tatu: Kirundi, Kiswahili na Kifaransa. Kila mmoja wetu alichukua nakala yake nyumbani, akaongeza, akapunguza, akasahihisha. Baada ya miezi miwili tukawa na nakala nne katika kompyuta moja. Ya kwanza iliitwa "Orodha", ya pili "Orodha mpya", ya tatu "Orodha ya mwisho", na ya nne "Orodha ya mwisho kabisa". Ajabu ni kwamba ile ya mwisho kabisa haikuwa ya mwisho.

Miongoni mwetu alikuwamo mzee mmoja wa Buyenzi, aliyekulia katika Kirundi na Kiswahili kwa pamoja, na ambaye hakuna aliyeweza kushindana naye katika kupambanua maana. Mahali palipoandikwa kwamba neno la Kirundi "ejo" maana yake ni "jana", yeye alisahihisha akaandika: "jana au kesho, litazame tendo ndipo uamue". Kwani Kirundi hutumia neno hilo moja kwa siku iliyopita na kwa siku ijayo. Masahihisho ya namna hiyo aliyafanya kwa makumi. Kisha mmoja wetu, bila ya kukusudia, akahifadhi nakala ya zamani juu ya nakala ya mzee. Orodha ikapigwa chapa, ikagawiwa, na muda si muda wanafunzi wakaanza kutuletea insha zenye sentensi kama "Jana nitakwenda sokoni".

Tulipotafuta kosa limetoka wapi, mzee alikuwa amekwisha kufariki. Maneno kadhaa tuliyakumbuka na kuyarudisha. Mengine tulikumbuka tu kwamba aliyabadili, lakini kwa sababu gani, hakuna aliyejua. Hapo ndipo nilipotambua kwamba kilichopotea hasa hakikuwa neno, bali sababu ya neno.

Katika makala haya napenda kumweleza msomaji namna binadamu walivyojaribu kuyatunza matoleo ya maandishi yao yasichanganyikane, na hasa zile programu za kompyuta zilizoundwa kwa kazi hiyo tangu mwaka 1972. Nitazitaja hitilafu zake zilizojulikana, jinsi watumiaji walivyozigundua na kuzitangaza, na faida ambayo mwalimu wa lugha aweza kuipata katika habari hizo.

Wanakili wa Pwani

Swali la nakala ipi ndiyo sahihi halikuanza na kompyuta. Washairi wa Pwani waliandika kwa hati za Kiarabu karne nyingi kabla ya hati za Kilatini kuenea. Miongoni mwa hati za kale za ushairi wa Kiswahili zilizotufikia ni ya Utendi wa Tambuka, ambao hunasibishwa na Bwana Mwengo wa Pate na mwaka 1728. Kazi kama hiyo iliishi kwa kunakiliwa kwa mkono, na kila mkono ulikuwa na desturi zake.

Hati za Kiarabu, kabla hazijaongezewa alama, hazikuwa na herufi za baadhi ya sauti za Kiswahili, kama vile "p", "v" na "ch". Irabu nazo zilikuwa na alama tatu tu, hata "e" na "i" zikaandikwa namna moja, na "o" na "u" vivyo hivyo. Kwa hiyo neno moja lililoandikwa kwa herufi ya "b" liliweza kusomwa "bata", au "pata", au hata "mbata". Nukta moja ikiongezeka juu ya herufi au ikipungua, herufi huwa nyingine. Mwanakili aliyejua shairi kwa moyo alisoma sawasawa. Asiyelijua alikisia, na kisio lake likawa maandishi ya mwanakili aliyemfuata.

Mfano mzuri ni mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi katika karne ya 18 na ya 19. Miongo kadhaa baada ya kufa kwake, mmisionari W. E. Taylor aliyakusanya kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Mwalimu huyu hakutoa mashairi matupu. Alieleza pia shairi lilitungwa kwa tukio gani na neno gumu lina maana gani. Mwaka 1940 W. Hichens aliyatoa katika kitabu, na mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz akayachapisha tena pamoja na uchambuzi wake. Kama maelezo ya Mwalimu Sikujua yasingaliandikwa, beti nyingi zingalibaki kama vyungu vya kale vilivyofukuliwa: umbo tunaliona, lakini kilichopikwa ndani hatukijui.

Tushike basi mambo mawili kutokana na habari hizi. La kwanza, kila nakala ni mahali ambapo kosa laweza kuingia. La pili, ili tupate kulitambua kosa, hatuna budi kujua nani alibadili nini, lini na kwa nini. Programu za kutunza matoleo zilizaliwa kutokana na mahitaji hayo hayo.

Kutoka kufuli hadi tawi

Programu ya kompyuta ni maandishi, nayo huandikwa na watu wengi kwa muda mrefu. Katika mwaka 1972, Marc Rochkind wa maabara ya Bell huko Marekani alitunga chombo kilichoitwa SCCS. Kazi yake ilikuwa kuhifadhi kila badiliko la faili pamoja na jina la mbadilishaji, tarehe na maelezo mafupi. Hakikuhifadhi kila toleo zima upya. Kilihifadhi tofauti baina ya toleo na toleo, hata mtu akaweza kulidai toleo la siku yoyote iliyopita, naye akapewa. Mwaka 1982 Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue akaeleza chombo cha pili, RCS, ambacho kililiweka toleo jipya likiwa zima na kuyajenga ya zamani kwa kurudi nyuma.

Vyombo hivyo vilitumia kufuli. Aliyetaka kubadili faili aliifunga kwanza, na wengine wakaisoma tu mpaka aifungue. Utaratibu huu ulizuia watu wawili wasiandike pamoja, lakini malalamiko hayakukawia. Mtu alifunga faili, akaenda likizo, na kazi ya wenziwe ikasimama. Mwalimu yeyote aliyepata kumsubiri mwenziwe aliyeondoka na ufunguo wa kabati ya vitabu anaelewa.

Aliyelitafutia dawa jambo hilo alikuwa mwalimu. Dick Grune, wa Chuo Kikuu cha Vrije huko Amsterdam, alikuwa akishirikiana na wanafunzi wake wawili katika kazi moja ya programu, lakini saa zao za kazi hazikulingana. Akatunga njia ya kumwezesha kila mmoja kubadili nakala yake bila ya kufuli, kisha mabadiliko yakaunganishwa. Njia hiyo, iliyotangazwa mwaka 1986, ikaja kuitwa CVS, na kwa miaka mingi ikatumika duniani kote.

CVS ilikuwa na kasoro ambazo watumiaji wake walizitaja tena na tena. Kubwa ilikuwa hii: badiliko lililogusa faili kumi liliandikishwa faili moja moja. Mawasiliano yakikatika katikati, faili tano zilikuwa mpya na tano za zamani, na mtu aliyechukua nakala wakati huo alipata kitu ambacho hakuna aliyepata kukiandika. Kasoro ya pili ni kwamba faili ikibadilishwa jina, historia yake hukatika, kama mtu aliyehamia mtaa mwingine na majirani wapya wasijue alikotoka.

Ili kuziondoa kasoro hizo, kazi ya kutunga Subversion ilianza mwaka 2000, na toleo lake la 1.0 likatoka mwaka 2004. Humo badiliko ama huingia zima, ama haliingii kabisa. Hata hivyo dawa nayo ilikuja na ugonjwa wake. Hazina za mwanzo za Subversion zilihifadhiwa kwa namna ambayo, kazi ikikatizwa ghafla, hazina yote yaweza kukwama mpaka msimamizi aje kuikwamua. Watumiaji walilalamika, na katika mwaka huo huo wa 2004 ikatolewa namna nyingine ya kuhifadhi, ambayo mwaka 2005 ikafanywa kuwa ya kawaida.

Mwezi Aprili mwaka 2005 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alianza kutunga Git, baada ya Linux kunyimwa matumizi ya bure ya BitKeeper, chombo ilichokuwa ikikitumia tangu mwaka 2002. Katika Git kila mtu huwa na hazina nzima yenye historia yote, na kila badiliko hupigwa muhuri wa tarakimu unaotokana na maandishi yenyewe. Herufi moja ikibadilika, muhuri hubadilika. Kila mtu aweza kuanzisha tawi lake, akafanya majaribio, kisha akaliunganisha na shina.

Maneno haya, shina na tawi, si mageni kwa mwalimu wa Kiswahili. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na Kiunguja kikawa msingi wa Kiswahili Sanifu. Burundi wakati huo ilikuwa chini ya Ubelgiji, nje ya Kamati hiyo, na Kiswahili cha Buyenzi kilikua kama tawi lenye maji yake. Sisi tunaofundisha sanifu kwa watoto wa tawi hilo twajua kwamba kuunganisha si kufuta.

Nukta moja

Hebu sasa tutazame matukio machache yanayoonyesha hitilafu za aina mbalimbali.

Mwezi Novemba mwaka 2003 hazina kuu ya Linux ilikuwa katika BitKeeper, na nakala yake iliwekwa katika CVS kwa manufaa ya waliopendelea chombo hicho. Siku moja wasimamizi waliona katika ile nakala badiliko ambalo halikuwa na mwenzake katika hazina kuu. Lilikuwa mistari miwili tu. Ndani yake, mahali ambapo mwandishi mwema angaliweka alama mbili za "sawasawa" ili kulinganisha, paliwekwa alama moja, ambayo maana yake ni "fanya iwe". Kwa alama hiyo moja iliyopungua, mtumiaji wa kawaida angaliweza kujifanya mwenye mamlaka yote juu ya kompyuta. Mtu asiyejulikana alikuwa ameliingiza kwa hila. Aliyesoma upesi angalilipita bila ya kuliona, kama vile msomaji apitavyo nukta iliyopungua katika hati ya kale. Liligunduliwa kwa sababu nakala mbili zililinganishwa, na moja ikakosa kumbukumbu ya badiliko lilikotoka.

Tukio la pili lilitokea mwezi Machi mwaka 2013, katika jumuiya ya watunzi wa programu za KDE. Kompyuta yao kuu iliharibika hifadhi yake, na kompyuta nyingine zilizokuwa zikiifuata kama kioo zikafuata vilevile, zikafuta zilichofutiwa. Hazina zipatazo 1,500 zilikaribia kupotea. Zilinusurika kwa kuwa kompyuta moja ilikuwa bado haijafuata. Fundisho lake ni zito: nakala inayofuata kila kitu upesi mno hufuata na uharibifu. Kioo si ghala.

Tukio la tatu lahusu majina ya faili. Mwezi Desemba mwaka 2014 iligunduliwa kwamba katika kompyuta zisizotofautisha herufi kubwa na ndogo, mtu mbaya aliweza kuandaa hazina yenye jalada lililofanana na jalada la siri la Git, ila kwa ukubwa wa herufi. Git ililiona ni jina jingine, na kompyuta ikaliona ni lile lile; hivyo maagizo ya adui yakaingia ndani ya nyumba. Marekebisho yalitolewa tarehe 18 mwezi huo. Aliye na faili mbili, "Somo" na "somo", na akazihamisha kutoka kompyuta ya aina moja hadi ya aina nyingine, huenda amekwisha kuonja upole wa tatizo hilo hilo: moja ya faili humezwa na nyingine.

Jingine la jamaa hiyo latugusa sisi tunaofundisha katika nchi inayotumia Kifaransa. Neno "Leçon" huweza kuhifadhiwa na kompyuta kwa njia mbili: ama "ç" ikiwa herufi moja, ama "c" ikifuatwa na mkia wake kando. Kwa macho hakuna tofauti. Lakini kompyuta za Apple za miaka ile ziliyaandika majina ya faili kwa njia ya pili, na nyingi za aina nyingine zilitumia ya kwanza. Basi mtumiaji aliona faili mbili zenye jina moja, au aliambiwa faili yake imetoweka hali iko mbele ya macho yake. Malalamiko yalikuwa mengi, hata mwaka 2012 Git ikaongezewa njia ya kuyapatanisha majina hayo.

Tukio la mwisho ni la mihuri. Tarehe 23 Februari mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya CWI ya Amsterdam pamoja na wa Google walitangaza faili mbili tofauti zenye muhuri mmoja wa aina ya SHA-1, jambo ambalo muhuri uliundwa kulizuia. Mtu mmoja wa mradi wa WebKit aliziingiza faili hizo katika hazina yao ya Subversion kwa nia ya kufanya jaribio. Hazina, ikidhani kwamba vitu viwili vyenye muhuri mmoja ni kitu kimoja, ikachanganyikiwa na kukataa kufanya kazi mpaka ilipotengenezwa. Mwezi Mei mwaka huo Git ilitoa toleo la 2.13 lenye kuitambua hila hiyo.

Mashine haijui ngeli

Hitilafu nilizozitaja ni za chombo, nazo hurekebishwa. Iko nyingine ambayo watumiaji huilalamikia kila siku, wakadhani ni kosa la programu, kumbe ni mpaka wa uwezo wake. Nayo ni hitilafu ya kuunganisha.

Programu hizi hulinganisha mistari ya maandishi. Watu wawili wakibadili mstari mmoja, programu husimama na kusema kwamba pana mgongano, ikawataka waamue wenyewe. Wakibadili mistari iliyo mbalimbali, huunganisha kimya, na kazi imekwisha. Wengi huona kwamba mgongano ndio hatari na ukimya ndio salama. Mwalimu wa Kiswahili ataona mara moja kwamba mara nyingine mambo ni kinyume.

Tuchukue kisa kifupi cha kusomea darasani. Mwanzoni pameandikwa: "Mtoto alinunua kitabu sokoni." Mwalimu wa kwanza anaona afadhali wingi, anaandika "vitabu vitatu", naye kwa uangalifu anapatanisha kila sentensi iliyokuwapo siku ile. Wakati huo huo mwalimu wa pili, akiwa na nakala ya zamani, anaongeza mwishoni sentensi nzuri: "Kisha akakifunika kwa karatasi ili kisichafuke." Kila mmoja amefanya kazi bila ya kosa hata moja. Programu inaunganisha pasipo neno, na mwanafunzi anasoma kwamba mtoto alinunua vitabu vitatu, kisha akakifunika. Akifunike kipi?

Mashine imehesabu mistari, haikujua ngeli. Upatanisho wa kisarufi huvuka mstari, hutoka sentensi hata sentensi, na hakuna muhuri wala tawi liwezalo kuuona. Watunzi wa programu wana msiba huo huo: mmoja hubadili jina la kitu mahali pote palipokuwapo, na mwingine huongeza mahali papya penye jina la zamani. Kwa sababu hiyo wenye busara miongoni mwao husoma upya kila kilichounganishwa, na hukitia katika majaribio kabla ya kukitoa. Kazi ya msomaji haikuondolewa na chombo, imesogezwa tu.

Adabu ya kutoa habari ya kosa

Tumeona kwamba kila chombo kilichorithi kingine kiliondoa kasoro za mtangulizi wake kikaleta zake. Hata hivyo vyombo hivi vimeendelea kutegemewa na watu kote duniani. Sababu moja kubwa ni kwamba kasoro zake hutajwa hadharani. Mtumiaji akikutana na hitilafu, huieleza. Maelezo yake hupewa nafasi yake, na atakayekuja nyuma huyakuta pamoja na jibu.

Kutaja kosa nako kuna adabu yake. Asemaye tu "haifanyi kazi" hajasema kitu. Tangu mwezi Juni mwaka 2020, katika toleo la 2.27, Git yenyewe ina njia ya kumsaidia mlalamikaji kuandika habari yake. Humwuliza alifanya nini kabla ya tatizo, alitazamia kitokee nini, na badala yake kilitokea nini. Kisha huandika pale toleo la programu na aina ya kompyuta anayoitumia, maana hitilafu ya toleo moja huenda haimo katika jingine.

Ndugu walimu, maswali hayo yatufaa sisi pia. Mara ngapi mwanafunzi hutuambia "sielewi", nasi tukarudia somo lote tangu mwanzo? Tumfundishe aseme: nilisoma sentensi hii, nilidhani maana yake ni hii, nikakuta katika jibu pameandikwa hivi. Atakuwa amekwisha kulifikia nusu ya jibu. Na kitabu chetu kikiwa na kosa, mwenzetu akituandikia ukurasa, mstari, lililoandikwa na ambalo lingefaa, tumpokee kama tunavyompokea mgeni aliyeleta zawadi.

Kadhalika tuangalie desturi ya ufutio. Watoto wetu hufuta kosa katika daftari, ambalo wao huliita kaye, mpaka karatasi ikatoboka, kwa kuwa wamefundishwa kwamba daftari safi ni daftari lisilo na alama ya kosa. Mimi siku hizi huwaagiza wakate neno kwa mstari mmoja, waandike sahihi juu yake, na kando waandike sababu kwa maneno mawili matatu: "ngeli", "wakati", "nimechanganya na Kirundi". Mwisho wa muhula, daftari hilo humwonyesha mwanafunzi njia aliyopita. Daftari lililofutwa humwonyesha alipofika tu.

Na ile orodha yetu? Tuliianza upya. Sasa iko katika hazina moja yenye historia yake, na nakala mbili zimewekwa mbalimbali, moja yao ikiwa haifuati nyingine mpaka mtu aitazame kwanza. Hakuna abadiliye neno bila ya kuandika sababu. Hatukujifunza hayo kwa werevu, bali kwa hasara. Maneno kadhaa aliyoyabadili mzee wetu bado yana alama ya kuuliza pembeni mwake, nasi tumeiacha alama hiyo ibaki, kwa sababu ni kweli kwamba hatujui.

Neno "ejo" limerudishwa kama alivyoliandika. Pembeni mwake tumeandika jina lake, na sababu aliyoitoa: litazame tendo ndipo uamue.